Kikopo cha Barazani

Ndugu zangu, huko milimani kwenye baridi ya kuumiza mifupa, alikuwapo mzee mmoja wa kanisa, mwashi kwa kazi yake. Nyumba aliijenga mwenyewe kwa mawe, na chumba cha kulala alikichimba ubavuni mwa kilima ili kiwe na joto. Dirisha lake moja dogo mkewe alilisokomeza gunia. Mzee huyo hakutaka moshi kabisa. Shemeji yake aliwahi kuwasha sigara sebuleni, akaimalizia njiani akirudi kwao.

Siku moja akaja bwana afya na mkoba wa vikopo vya plastiki. Akaeleza kwamba mawe na udongo wa kilima kile hutoa gesi iitwayo radoni. Haionekani wala hainuki. Hupenya kwenye nyufa za sakafu na kujaa katika chumba kisichopitisha hewa. Anayeivuta miaka mingi aweza kupata saratani ya mapafu.

"Kikopo hiki cha kuipima kikae chumbani mnakolala, miezi mitatu," akasema.

"Chumbani kwangu? Mwanangu, hata mchungaji huishia sebuleni."

"Mzee wangu, mficha uchi hazai."

Mzee akakipokea kwa adabu. Bwana afya alipokata kona, akakitundika barazani, upepo unakopiga. Aliogopa. Sakafu ile yenye ufa aliimwaga kwa mkono wake. Wakisema nyumba ya fundi ina sumu, nani atamwita kazini tena?

Majibu yakaja. Majirani wanne walikutwa na gesi majumbani mwao. Wakaziba nyufa, wakaweka bomba la kutolea hewa chini ya sakafu. Mzee akapewa cheti: salama. Akakitia fremu, akakipigilia ukutani, juu ya kitanda. Ninyi mngekitundika wapi?

Wakalala chini ya cheti hicho miaka tisa. Mwaka wa kumi mkewe akaanza kukohoa damu.

"Mama anavuta sigara?" daktari akauliza.

"Kwangu? Haijapata kuvutwa!" mzee akajibu.

"Nyumba mliipima radoni?"

"Tuliipima. Nina cheti."

Mkewe akamgeukia taratibu. "Mume wangu, mwambie daktari kikopo kilikaa wapi. Baraza nilikuwa nafagia mimi."

Mzee akaitazama kofia yake mkononi.

Sasa sisi. Nyumba zetu tuzipime, nyufa tuzibe, na gunia tulitoe dirishani. Gesi haiulizi nani mzee wa kanisa. Lakini mmenisikia? Kikopo hakikudanganya. Kilipima upepo wa barazani, kikasema kweli ya barazani. Nasi kila Jumapili tunakuja hapa tumepiga pasi, tunamwambia Mungu, "Nichunguze," kisha tunampokelea barazani na kurudi nyumbani na cheti. Chumbani tulikomzuia asiingie, analala nani mwingine?

Maana siku ile daktari alimpima na mzee. Mapafu yake yalikuwa mazima.