Kigoda Kilikuwepo

Paukwa!
Pakawa!
Waliokuwepo?
Wataje, tuwajue.

Alikuwepo Mtemi Mhoja mwana wa Lugata, mjukuu wa Kasubi, juu ya kigoda cha enzi. Alikuwepo Ngolo, msemaji wake. Alikuwepo Kabula binti Sayi, ajuza mwenye nywele nyeupe zilizofika kiunoni. Alikuwepo Mzee Shigela, mpiga ngoma ya msiba, na huyo ndiye ninayemkumbuka leo. Kijiji chenyewe sikitaji. Vitukuu wao wangali humo.

Hapo zamani za kale, katika kijiji hicho, mtu akipotelea safarini hakuliliwa mpaka yule aliyekuwa naye mwisho asimame mbele ya watu na kusema: "Alikuwa nami. Nimerudi bila yeye." Hapo ngoma ililia: ndu, ndu, ndu. Hapo binti yake alinyolewa. Bila neno hilo, hapana ngoma. Bila ngoma, hapana wembe.

Mama yake Kabula aliitwa Nyamizi binti Mlekwa. Mtemi Kasubi alimuuza kwa wafanyabiashara wa watumwa. Alikuwa na Kabula mgongoni. Walimfungua mtoto, wakamweka chini uani, wakaondoka na mama.

Kabula akakua, akazeeka, hajanyolewa. Sasa kifua kilimbana. Akaja barazani, akaketi chini.

"Mtemi mwanangu," akasema, "mama alikuwa nanyi mwisho. Semeni, nimlilie kabla sijamfuata."

Mhoja akasema, "Bibi, mimi nilikuwa sijazaliwa."

Ngolo akacheka. "Bibi Kabula, ukimaliza hili utatudai na mvua iliyomnyeshea babu yako?"

"Mvua mnaidai nyinyi," akajibu Kabula. "Kila mavuno mnabeba mtama wetu. Mnasema ni malipo ya mvua, maana Kasubi alijua kuileta."

Mzee Shigela akaiweka ngoma magotini. Hakuipiga.

"Ngolo," akasema, "mpaka wa shamba lako na la jirani yako Masele aliuweka nani?"

"Mtemi Kasubi, mzee wangu."

"Yuko wapi Kasubi?"

"Si amekufa?"

"Basi kesho mwache Masele alime mpaka mlangoni pako."

Watu wakacheka, hata Masele. Ngolo akasema mpaka ni mpaka, kilichosemwa kigodani kimesemwa.

Mzee Shigela akamgeukia Mtemi. "Umesikia msemaji wako. Shuka, Mhoja. Keti hapa mkekani karibu yangu, useme hukuwepo. Nitakuamini, maana siku uliyozaliwa naikumbuka. Lakini ukisema ukiwa umekaa hapo juu, siwezi. Kigoda kilikuwepo."

Mhoja akasimama. Akakitazama kigoda, akautazama mkeka. Mzee Shigela akasogea, akamwachia nafasi.

"Nikisema," Mtemi akauliza kwa sauti ndogo, "si wataniita mwuza watu?"

"Mwuza watu tunamjua jina. Wewe watakuita aliyesema," akajibu Mzee Shigela.

"Na Bibi Kabula atataka nini baadaye? Ng'ombe?"

"Ng'ombe nitamkamua na kifua hiki?" akasema Kabula. "Nataka ngoma."

Mhoja alikaa tena. Hakukaa mkekani. Alikaa kigodani, akasema, na kila mtu alisikia.

Ngoma ikalia: ndu, ndu, ndu. Wembe ukaletwa. Kabula alinyolewa pale pale barazani, na Ngolo ndiye aliyeshika bakuli la maji. Nywele zilipoanguka, yule ajuza alilia kama mtoto aliyewekwa chini uani.

Wasikilizaji wangu, ziko serikali leo zinazosema: hatukuwepo. Watu waliotawala wakati ule wamekufa, ni kweli. Lakini serikali inayoshika mipaka yao, na majumba yao, na heshima ya jina lao, imekaa palepale walipokaa. Ishike na msiba waliouacha. Iseme, na iseme ikiwa imekaa kitini, si pembeni.

Ngano yangu naiweka chini kwa maneno ya Mtemi Mhoja, kama yalivyosemwa:

"Alikuwa nasi. Tulimuuza kwa nguo na baruti, tukarudi bila yeye. Tulikosa, Kabula binti Sayi, utusamehe. Nyamizi binti Mlekwa amekufa."