Pua ya Kehinde

"Ngano yaja!"
"Na ije, tumekaa!"
"Nani ataikatiza?"
"Mchoyo, aliyeshiba asikuachie kitu!"

Hapo kale, katika nchi ya Wayoruba, palikuwa na mchongaji aitwaye Ogundeji. Fundi hasa, ila subira yake fupi kuliko mpini wa tezo. Akajiwa na mama mmoja, Asabi, aliyezaa pacha, Taiwo na Kehinde, kama huku tunavyosema Kulwa na Doto. Kehinde, binti, alikuwa amefariki. Na kule pacha mmoja akifa huchongewa kinyago. Mama hukiogesha, hukilisha, hukibeba kwa mbeleko, ili marehemu atulie, asimwite mwenzake. Taiwo alikuwa ameshaanza kukataa ziwa.

"Fanya haraka, Baba," akasema Asabi.

Ogundeji akauomba mti radhi, akaukata. Tezo ikalia ko! ko! ko! Kikatoka kinyago: mwanamke mzima, nywele zimesukwa, matiti wima.

Siku ya kwanza Asabi akaja kukitazama.

"Huyu si wangu. Wangu alikuwa wa miezi minane. Matiti ya nini?"

"Mama Pacha, hatuchongi mtoto. Tunachonga mtu ambaye angekuwa."

"Basi pua kubwa. Punguza."

Akapunguza, huku anasonya. Kinyago kikasema, "Fundi, nina njaa. Nipeleke kwa mama."

"Mwambie yeye!"

Siku ya pili Asabi akaja.

"Sikio hili limelizidi lile. Punguza."

"Jana hukuliona?"

"Jana nilitazama pua."

Akapunguza. Kinyago kikasema, "Fundi, nina njaa. Nipeleke kwa mama."

"Na wewe nyamaza!"

Siku ya tatu Asabi akaja. Akakigeuza, akakigeuza, akakigeuza.

"Kidole cha mguu."

"Kidole gani?"

"Kile cha mwisho. Punguza."

Tezo ikaruka, kuku wakatawanyika.

"We mwanamke! Nikipunguza tena nitabaki na mswaki! Taiwo anakauka huko nyumbani, wewe unapima vidole! Unataka nini hasa?"

Asabi akakaa chini, juu ya vumbi la mbao.

"Ukimaliza," akasema, "atakuwa amekufa."



Ogundeji akakohoa. Akaiokota tezo, akaitundika.

"Mbona unaitundika? Hujamaliza."

"Na simalizi. Muogeshe kila siku. Mlishe uji. Mpake ule unga mwekundu wa mti. Mkono wako utailainisha pua, utayala macho, utafika mpaka kwenye hicho kidole chako. Ni kazi ya miaka, na ni yako. Haya, niondokee, umenichosha!"

Asabi akakunjua mbeleko, akakifunga kinyago mgongoni. Nyumbani akakikalisha pajani, akakipa uji. Taiwo akatazama. Akatazama tena. Kisha akaona wivu, akapiga yowe, akalivamia ziwa kwa meno yake yote mawili.

Ngano imekwisha, aliye na yake alete.

Funzo? Usimharakishe mfiwa, hata akikukera, na atakukera. Nawe msomi, siku ukikiona kinyago cha pacha hakina macho wala pua, ukataka kutuhutubia kwamba fundi hakujua kazi, funga mdomo kwanza. Uso ule uliogeshwa.