Kitanda cha Kiboko na Mashua ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na ugomvi wa majirani, Nguchiro alikuwa na mashua kuukuu aliyoachiwa na mama yake. Ndiyo iliyomlisha, maana alivushia abiria ziwani. Lakini misumari ya sitaha ilikuwa imeliwa na kutu, na mvua ikinyesha, abiria waliokaa chini ya sitaha walilowa chapachapa.

Kiboko, mkubwa wa bandari ile, alizitamani mbao za mashua hiyo. Kitanda chake kilikuwa kimemvunjikia Jumatatu, kwaa, na msiniulize kwa nini. Akatangaza, "Ijumaa tutaikagua mashua hiyo. Ikivuja hata tone moja, inavunjwa."

Nguchiro aliumia moyo. Misumari mipya ya shaba alikuwa nayo, pamba na mafuta ya kuzibia pia. Nguvu za kung'oa misumari ya zamani ndizo hakuwa nazo, wala hakujua maji yanapenya wapi. Jumatano akafuta machozi, akaenda kwa Kiboko, akamkuta anakunywa uji na Tembo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kuhusu kitanda chako, mjomba. Mbao nyingine za mashua yangu zina nyufa. Ukilalia hizo, utaanguka tena."

Kiboko akaweka bakuli chini. "Sasa nitazijuaje?"

"Mjomba Tembo amwage maji juu ya sitaha. Mimi nitakaa chini na mkaa, nitie alama kila yanapopita."

Wakaenda wote mashuani. Tembo akavuta maji ziwani, akamwaga, mwaaa. Kule chini maji yalimdondokea Nguchiro puani, to, to, to. Alitia alama kumi na mbili, hakuruka hata moja.

"Na misumari hii," akasema alipotoka, "itakuchoma mgongo. Kazi ni kuing'oa bila kupasua ubao. Sijui kama yupo mwenye meno ya kazi hiyo."

"Unaongea na nani wewe?" Kiboko akauliza, akainama. Kweche, msumari wa kwanza ukatoka. Kweche, kweche, mpaka jua likawa utosini na kutu yote imekwisha. Kiboko na Tembo wakaondoka wakijadili godoro.

Alhamisi Nguchiro hakupumzika. Aligonga misumari ya shaba, ko, ko, ko. Kila penye alama ya mkaa alisokomeza pamba iliyolowekwa mafuta, akaipigilia mpaka ikaujaza ufa. Mikono ilimuuma, lakini alijionea fahari kweli.

Ijumaa wanyama walijaa bandarini. Kiboko akaingiza kichwa chini ya sitaha kungoja tone. Tembo akamwaga, mwaaa.

"Mwaga tena," Kiboko akaguna.

Tembo akamwaga mpaka mkonga ukamlegea. Maji yote yaliteremkia ubavuni, yakarudi ziwani. Kiboko akatoa kichwa, kikavu, kimejaa vumbi.

"Nani alikung'olea ile misumari?" akafoka.

"Wewe, mjomba. Na mjomba Tembo ndiye aliyenionyesha panapovuja. Nawashukuru mbele ya wote."

Bandari nzima ikacheka. Nguchiro akasimama juu ya sitaha ya mama yake, kifua mbele, akaita abiria wa kwanza. Kiboko alirudi nyumbani kulala sakafuni.

Nanyi mlionisikiliza, shikeni hili: Kiboko alitamani cha mwenzake, akaishia kuwa kibarua wake.