Ndoo Nzima ya Mzee Lubunga

— Ngano inakuja!
— Na ije!
— Imelowa!
— Tutaianika!

Wa kwanza kuisimulia ngano hii alikuwa Mwavita binti Lubunga, nyanya yetu mzaa mama, siku ya arobaini ya baba yake, mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha. Aliisimulia ameketi mkekani mbele ya watu wazima, na hakuna aliyecheka. Nimeipokea hivyo, nami naitoa hivyo.

Hapo kale, si kale ya wafalme bali kale ya nyanya, palikuwa na kijiji kando ya Ziwa Tanganyika, mahali milima inapoteremka hadi majini. Hapo aliishi Mzee Lubunga. Alikuwa na mtumbwi, alikuwa na ndoo ya bati, alikuwa na binti mmoja. Mtumbwi aliupenda. Ndoo aliipenda zaidi. Binti, ndiye huyo Mwavita, alimwoza kwa kijana mvuvi aitwaye Kahozi.

Sasa sikilizeni desturi ya pale. Mkwe mpya hamsemeshi baba mkwe uso kwa uso, hamtaji jina, wala hampingi. Akiwa na neno hulipeleka kwa kitu kingine, na mzee hujibu kupitia kitu hicho hicho. Kijana mmoja alijisahau, akamwambia baba mkwe wake, "Ngoja kwanza." Mkewe aliitwa nyumbani jioni ile ile, na hakurudi tena. Kahozi alilijua hilo. Na Kahozi alimpenda Mwavita.

Asubuhi moja mzee na mkwewe walitoka kuvua kuhe. Kuhe ni samaki mkubwa, hukaa chini kwenye miamba, na humpati ila kwa mshipi. Lakini siku hiyo upepo ulikuwa unasukuma. Wakifika juu ya mwamba, mtumbwi umepita. Wakirudi kwa makasia, umepita. Wakishusha ndoano, umeshapita.

"Kasia," akasema Kahozi, akilitazama kasia lake, "laiti tungekuwa na ndoo ya kuburuta, mtumbwi ungetulia."

"Kasia," akajibu Mzee Lubunga, "mwambie huyo anayekushika kwamba ndoo ipo."

Akaitoa ndoo yake ya bati, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Akafunga kamba ya katani kwenye mshikio.

Kahozi akakitazama kitako cha ndoo. Ndoo ya kuburuta, wenzangu, hutobolewa kitako. Maji yanaingia mdomoni, yanatokea nyuma, na ndoo inauzuia mtumbwi kidogo kidogo. Ndoo nzima haizuii kidogo. Inashika. Na ikishika, hujui ni nani yuko upande wa pili wa kamba.

"Kasia," akasema taratibu, "nasikia huko kwingine ndoo za kazi hii hutobolewa."

"Kasia! Mwulize, huko kwao hata sufuria hutobolewa? Na mtungi je? Mimi naona kilichotobolewa ni kichwa chake."

Ndoo ikatupwa. Chubwi!

Mtumbwi ukasimama. Haukupunguza mwendo, ulisimama, kama umepigiliwa msumari. Upepo bado ulivuma, waliusikia masikioni, lakini mawimbi hayakuwa na sauti. Jua lilikuwa utosini. Ndege hakuna.

"Kasia, umeona?" akasema mzee. "Tumetulia."

Wakashusha ndoano, chambo kikiwa dagaa. Mara ya kwanza ilipanda na tonge dogo la ugali, limefinyangwa kwa vidole, bado la moto. Mara ya pili ilipanda na tonge na mboga. Mara ya tatu ilipanda tupu. Ilitoka ndani ya maji, nayo ilikuwa kavu.

Kisha pakagongwa chini ya mtumbwi. Ko, ko, ko.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, mpole. Kahozi alitaka kumziba mzee mdomo, lakini nani anamgusa baba mkwe mdomoni? Na Mzee Lubunga alikuwa mtu wa adabu maisha yake yote. Ulimi ulijibu wenyewe.

"Karibu."

Ninyi mngejibu nini? Msiseme upesi.

"Ahsante," ikasema sauti. "Nimekaribia. Mmenitandikia chombo kizima, nimekaa ndani, kinanitosha. Sasa aliyenikaribisha, nami namkaribisha kwangu. Aje. Chakula kiko tayari."

Kamba ikakaza. Mtumbwi ukainama nyuma, alikokaa mzee. Mzee akayatazama maji kama mtu anayetazama mlango wa ndugu yake. Akatoa mguu mmoja nje.

"Kasia, mwambie baba arudishe mguu!"

Akatoa mguu wa pili.

"Kasia, mwambie baba asiende!"

Mzee akaachia ukingo, mkono mmoja, kisha mwingine.

"Kasia, nakuomba!"

Kasia ni mti. Halikusema kitu.

Moyoni Kahozi akamwona Mwavita akifunga nguo zake, akirudishwa kwao. Akamwona, na bado akalitupa kasia. Akamkamata mzee ukosi wa shati, shati likararuka.

"Lubunga! Kaa chini!"

Mzee akaanguka ndani ya mtumbwi, ametoa macho. "Umemwita nani?"

"Kaa!"

Kisha Kahozi akainama juu ya maji. "Mgeni wetu, mzee anakuja. Lakini chombo ni chetu. Huko kwenu chombo cha jirani hurudishwa kitupu?"

"Hatujawahi," ikasema sauti, imeudhika kidogo. "Sisi si watu wa namna hiyo."

"Basi kilegeze nikimwage, kisha nikupe, ukijaze kwa mkono wako. Nikikipokea kimejaa, mchukue mzee."

"Ni haki."

Kamba ikalegea. Kahozi akavuta ndoo, akaimwaga, akaifudikiza. Akaweka ncha ya kisu cha kupara samaki kitakoni, akagonga kwa jiwe la nanga. Tobo. Tobo. Tobo.

"Ndoo yangu!" mzee akalia.

"Ndoo yako au roho yako?"

Chubwi! Safari hii mtumbwi haukusimama. Ukasogea polepole, umetulia, upepo ukiupeleka mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa.

"Nimejaza," ikasema sauti.

Kahozi akavuta. Maji yakatoka chururu. "Bado, mgeni."

"Nimejaza." Mapaa ya nyumba yakaanza kuonekana.

"Bado, mgeni."

"Tumejaza!" Haikuwa tena sauti moja. Zilikuwa za wanaume, za wanawake, za watoto, nyumba nzima inateka maji, inahema.

"Bado."

Mtumbwi ukakwaruza mchanga. Kahozi akamsukuma mzee nchi kavu, akakata kamba. Ndoo haikuzama. Iligeuka, ikaondoka kuelekea kilindini, upepo ukiwa usoni mwake, kamba ikiifuata.

Watu wakakusanyika. Mwavita naye akaja mbio. Wakaliona shati.

"Mzee, nani amekurarua?"

Kahozi akainamisha kichwa. Mzee Lubunga akamtazama mkwewe. Akamtazama binti yake. Akamtazama mkwewe tena.

"Ndoano," akasema. "Ndoano za siku hizi ni kali mno."

Mwavita akarudi nyumbani na mumewe. Lakini toka siku ile, ukibisha hodi kwa Mzee Lubunga hujibiwi. Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Hodi! Anatoka mwenyewe bila neno, anakutazama miguu aone kama imelowa, ndipo anakupisha mlangoni.

— Ngano imetua!
— Imetua wapi?
— Hapo mlipokaa. Aliyeisikia aibebe, aliyesinzia ailalie.

Mzee Lubunga alifariki kwa uzee, kitandani mwake, mlango ukiwa umefungwa. Kahozi alimfuata miaka mingi baadaye, naye amezikwa juu mlimani, kama alivyoagiza. Nyanya Mwavita yu hai. Macho yamefifia, masikio ni mazima. Yule mgeni, sisi wa ukoo huu hatujaletewa habari ya msiba wake.