Kwa Nini Barabara ya Ntenga Inapinda Ndivani

Nilikuwa nachambua maharage ya makande pale Nanjeja, binti yangu mkubwa, alipoingia uani akihema.

"Mama, lori la simenti limelala ubavu kona ya ndiva!"

"Watu?"

"Wazima. Dereva anamtukana aliyechora barabara."

"Basi anamtukana bibi yenu Namkunda."

Wadogo zake watatu wakaacha mchezo. Baba yao alikuwa hajarudi kutoka sokoni Mkombole, na basi lake lilikuwa lazima lipite hapohapo. Nikawasogezea ungo, maana anayengoja mikono mitupu huwaza mabaya. Tukachambua, nami nikawaeleza.

Kabla gari halijaijua milima hii, kutoka Mkombole hadi Ntenga palikuwa na njia ya miguu tu. Kilomita kumi na moja, lakini mgonjwa alibebwa kwa machela na mahindi yalibebwa kichwani. Katikati ya njia, mahali tambarare kabisa, palikuwa na ndiva, bwawa la mawe na udongo. Jioni lilizibwa, maji ya mfereji yakakusanyika; asubuhi likazibuliwa, mashamba yakanyweshwa kwa zamu. Mwaka barabara ilipoletwa, mvua za vuli hazikunyesha. Nyumba arobaini ziliishi kwa bwawa lile.

Kulitunza ilikuwa kazi ya msaragambo. Pembe ikipulizwa, kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake. Namkunda, mama yake babu yenu, ndiye aliyegawa kazi. Alipigilia vigingi ardhini, na kutoka kigingi hadi kigingi ilikuwa sehemu ya nyumba moja. Usipomaliza sehemu yako, hupati zamu ya maji. Hakuwa na upendeleo, na ndiyo sababu hakuwa na marafiki wengi.

Siku moja, watu wakiwa sokoni, wapimaji wa barabara walifika. Hawakupiga hodi kwa mtu. Walipigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, vimenyooka kama uzi, wakarudi mjini kuleta vibarua.

Namkunda alipoviona hakushangaa. Maishani mwake hakuwahi kuona kigingi kisicho cha msaragambo. Alidhani wazee wa juu wameamua njia ipanuliwe, wakagawa kazi bila kumwambia. Akavifuata akivihesabu, akiwa amenuna, mpaka ndivani. Hapo vigingi viliingia ukingo huu vikatokea ukingo ule, na kimoja kilisimama ndani ya tope.

"Aliyegawa hapa alikuwa amelewa," alisema. "Ni nyumba ya nani itakayochimba maji?"

Akang'oa kimoja akakipigilia kando, akang'oa kingine akakipigilia kando, mpaka saba vikalizunguka bwawa. Kisha akapuliza pembe.

Kila nyumba ilisimama kwenye kigingi chake. Walichimba siku tisa, kilomita mbili nzima.

Mpimaji, Bwana Mwaisaka, aliporudi alikuta njia imeshachimbwa na kusawazishwa, ila imevimba pembeni kama tumbo la chungu. Akafungua ramani, akaifunga, akaifungua tena.

"Nani kahamisha vigingi vya serikali?"

"Ni mimi, baba," alisema Namkunda. "Vilikuwa vimepotea njia."

Watu walicheka. Mwaisaka hakucheka.

"Ramani inapita katikati ya hili bwawa."

"Basi ipite ramani. Sisi tutazunguka."

"Bwawa litafukiwa, mama. Kesho."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alilitazama shamba lake, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

"Nani aliwatuma kuchimba?" akauliza Mwaisaka.

"Vigingi vyako. Kwani huu si msaragambo?"

"Si msaragambo! Hii ni barabara ya serikali."

Namkunda akawageukia watu. "Mmesikia? Si msaragambo. Basi turudishe udongo wetu."

Majembe arobaini yakainuka, udongo ukaanza kurudi njiani. Mwaisaka alitazama kazi ya siku tisa ikianza kufukiwa mbele ya macho yake. Alikuwa na vibarua kumi na wawili na kilomita tisa nyingine zikimngoja.

"Acheni! Mama, waambie waache!"

"Ndiva je?"

Alitoa penseli, akaiweka ramani juu ya mgongo wa kibarua, akaupindisha mstari.

Na tangu siku hiyo barabara ya Ntenga inapinda mahali pasipo kilima wala korongo. Na kwa kuwa ukingo wa ndiva humficha anayetoka kule asionwe na anayetoka huku, kila dereva hupiga honi akifika pale, kama pembe ilivyopulizwa.

"Hawawezi kuinyoosha sasa?" Nanjeja aliuliza.

"Haya maharage unayochambua yamenyweshwa na maji gani?"

Jua lilizama, makande yakaiva, tukawa tumetega masikio kungoja honi ya basi. Honi ikalia mara moja, ndefu. Baba yao aliingia na simenti mpaka kwenye nyusi. Yeye na abiria wenzake walikuwa wakilisukuma lile lori.

"Nawa mikono," nilimwambia.

Nikapakua makande. Namkunda hakugawa kazi kabla ya kuhesabu watu, nami sigawi chakula kabla ya kuhesabu vichwa. Tulikuwa sita. Hakukosekana mtu.