Kiti cha Mfinya Udongo

Palikuwa na mtu aliyeitwa Senyagwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachimbia watu visima huko Ugogo, nchi ambayo mvua huja kama mgeni mwenye haraka, hata chai hanywi. Alikuwa na wachimbaji sita. Watano walikuwa vijana wenye mabega. Wa sita aliitwa Mzee Chibago, naye alikuwa amechimba na baba yake Senyagwa kabla hao wengine hawajazaliwa.

Mzee Chibago hakushika sururu tena. Kazi yake ilikuwa moja tu. Udongo ukibadilika rangi, alichota konzi moja kwenye ndoo, akaifinya, akafungua kiganja na kungoja. Bonge likikaa, aliitikia kwa kichwa na watu wakaendelea kuchimba. Likimeguka, aliwaita wote watoke, na hakuna aliyeshuka tena mpaka ukuta uwe umejengewa mawe kutoka chini hadi juu. Mara nyingine walikaa siku tatu wakisomba mawe badala ya kuchimba. Vijana walinung'unika. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna mama aliyeitwa kuja kumchukua mwanawe shimoni.

Ikawa Senyagwa akapata shughuli nyingine mjini, akaweka msimamizi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, jina lake Elikana, mwenye cheti cha chuo cha ufundi. Alikuwa kijana mwema, nisieleweke vibaya. Hadithi hii haina mtu mbaya ndani yake, na hilo ndilo linaloniuma kila ninapoisimulia. Miongoni mwa wachimbaji alikuwamo Amosi, shemeji yake, mume wa dada yake Yunisi. Elikana mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi, na Yunisi, akiwa na mimba ya kwanza, alimkabidhi mumewe kwa kaka yake kwa mikono miwili.

Kazi ya kwanza ya Elikana ilikuwa kisima cha kijiji kimoja ambacho wanawake wake walitembea saa mbili kwenda kufukua maji kwenye mto wa mchanga. Elikana aliwaahidi maji kabla ya mwezi wa saba. Chuoni alifundishwa kuchimba mpaka mwisho, kisha kuteremsha pete za zege, moja juu ya nyingine. Ni njia nzuri, mimi siipingi. Kwenye udongo mgumu ni ya haraka na inadumu. Ila ilimtaka mtu achimbe bila kusimama, na kwenye kikosi kile palikuwa na mzee anayewasimamisha watu kwa kiganja cha mkono.

Na hapa pana jambo ambalo mgeni angelipita bila kuliona. Mzee Chibago na baba yake Elikana walitoka jando moja. Kwa watu wale, uliyetahiriwa naye ni ndugu yako, na mtoto wake ni wako. Elikana angemwambiaje baba yake, mbele za watu, fanya hivi na usifanye vile? Kumwagiza ni utovu wa adabu. Kumpinga ni laana. Kumwuliza kwa nini anafinya udongo ni kama kumtaka atoe hesabu ya uzee wake. Kijana alihangaika na jambo hilo wiki nzima, akakosa hata hamu ya kula.

Mwisho akaona dawa. Akanunua kiti. Si kigoda wala si gogo, bali kiti kipya cha plastiki, chenye mikono, akakijengea kibanda cha nyasi kando ya lundo la udongo. Akainama akasema, "Baba, umetumika vya kutosha. Kaa upumzike, sisi wanao tuhangaike. Tukikwama tutakuja kukuuliza." Mzee akamtazama, akakitazama kiti, akaketi.

Tangu siku ile Elikana hakupita asubuhi bila kuanzia kibandani. Shikamoo baba, umeamkaje, mgongo unasemaje leo. Saa nne uji ulimfikia mzee kwanza, wenye sukari. Senyagwa alipokuja kukagua alimsifu msimamizi wake, akasema huyu ndiye kijana aliyelelewa. Na kazi ikaenda mbio kweli. Wachimbaji wakambatiza mzee jina la Mwenyekiti, kwa mapenzi, naye siku za mwanzo alicheka nao.

Siku ya kumi, shimo likiwa na futi ishirini, udongo uligeuka. Mpaka hapo ulikuwa mwekundu na mgumu. Sasa ndoo zikaanza kupanda na kitu cha rangi ya majivu, laini, chenye unyevunyevu. Vijana wakafurahi, maana unyevu ni habari njema kwa mchimba kisima. Mzee Chibago akainuka kwenye kiti, akachota konzi, akafinya, akafungua. Kisha akaenda mpaka mdomoni mwa kisima, akamwambia Elikana kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa tungejenga kwanza."

Elikana akajibu kwa adabu zote alizofundishwa kwao. "Ahsante baba, tumekusikia." Akamshika mkono, akamrudisha kivulini, akaagiza aongezewe chai. Wakachimba mpaka jioni.

Ndugu zangu, mmewahi kujibiwa hivyo? Tusi lina pa kushika. Mtu akikutukana utamrudishia, au mtapelekana barazani mkasuluhishwe. Lakini "tumekusikia" utaishtaki wapi? Elikana alimwona mzee akijipangusa mchanga viganjani polepole, kidole baada ya kidole, akadhani ni uchovu.

Kesho yake ndoo zilipanda na udongo uleule, na safari hii ulikuwa mlaini zaidi. Elikana akaona mzee analitazama lundo na hafinyi kitu. Moyo wake ukapoa. Akajisemea kwamba sasa mzee amezoea, amekubali kupumzika. Kumbe kuna kimya cha kuridhika na kuna kimya cha kususa, na kwa sura vinafanana kabisa. Siku ile hata uji mzee hakuumaliza, na Elikana akauliza kama sukari imezidi.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa zamu ya Amosi kushuka. Alishuka asubuhi akiimba, maana walikuwa wamebakiza futi chache na alitaka awe yeye wa kukanyaga maji kwanza, apate cha kumsimulia Yunisi. Saa tano ukuta uliachia. Haukutoa kishindo kikubwa, ni kama gunia limetuliwa chini. Elikana aliyekuwa juu, ameshika kamba ya ndoo, aliona kamba imekazwa, naye akavuta, haikuja.

Mzee Chibago ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Alivua koti na kuanza kuamrisha: wewe leta mbao, wewe mawe, wewe usikanyage ukingo huo, fukueni kutoka upande huu. Alishuka mwenyewe, na miaka yake sabini. Na kwa saa zile zote hakuna aliyemwambia tumekusikia. Alisema neno na neno likatendeka, vijana wanne waliobaki na msimamizi wao wakaenda kama vidole vya mkono mmoja. Walivyofanya kazi siku ile, kama wangeifanya hivyo siku mbili kabla, nisingekuwa na cha kuwasimulia. Alasiri walimtoa Amosi. Alikuwa amekwisha kufa zamani.

Walipomfunika shuka, Elikana alikwenda kukaa chini, karibu na mzee, pale pale mchangani. Mikono yake ilitoka damu kwenye kucha. Hakumwamkia.

"Baba, uliuona huu udongo jana?"

"Niliuona."

"Na ulijua?"

Mzee Chibago akaanza kulia, na kilio cha mzee hakina sauti nyingi. "Nilijua," alisema. "Ukuta wa namna hii mara nyingi huanguka usiku, shimo likiwa tupu. Nikasema moyoni, acha uanguke, waamke wakute kazi yao imefukiwa, ndipo watakuja kuniuliza. Nilitaka muaibike, mwanangu. Sikutaka mtu afe."

Elikana akamsikia. Alitaka kukasirika na hasira haikuja, kwa sababu alikumbuka mkono wa mzee ndani ya mkono wake siku ile alipokuwa akimrudisha kivulini, na jinsi alivyojiona mtoto mwema.

Jioni wakampeleka marehemu nyumbani kwake. Yunisi alitoka mlangoni akiwa ameshika tumbo, akawatazama wote, akauliza nani amemfanyia hivi. Senyagwa, aliyekuwa amerudi kutoka mjini kwa haraka, akasema ni kazi ya Mungu. Yunisi akasema Mungu hachimbi visima. Hapo Elikana akajibu, "Ni mimi, dada." Na Mzee Chibago, kutoka nyuma yake, akasema, "Si yeye. Ni mimi." Wakasimama wawili wale mbele ya mjane, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake hatia, na ilikuwa mara yao ya kwanza kusema ukweli, mmoja mbele ya mwenzake. Yunisi aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia ndani, akafunga mlango, na hakumsamehe hata mmoja wao mwaka ule wala mwaka uliofuata.

Kisima kilifukiwa. Elikana aliacha usimamizi, akarudi kwao kulima mtama, na watu wanasema akiulizwa kitu na mtu mzima hujibu haraka mno, kana kwamba anaogopa. Mzee Chibago hakumaliza kiangazi. Hakuugua jambo la kutajika. Wanawake wa kijiji kile, mpaka leo, bado wanatembea saa mbili kwenda kufukua maji mtoni.

Tunapenda kusema penye wazee haliharibiki neno. Mimi naitikia, lakini nimewaonyesha neno lililoharibika mzee akiwa hatua kumi tu, ameshiba uji, ameamkiwa vizuri, na macho yake yanaona. Kijana alimheshimu mzee mpaka akaacha kumhitaji. Mzee aliilinda heshima yake mpaka akaacha kuwapenda aliofanya nao kazi. Na aliyelipa hakuwa miongoni mwao, alikuwa mtu aliyeshuka akiimba.

Kesho asubuhi nanyi mtarudi makazini, wengine mkiwasimamia wenye umri wa baba zenu, wengine mkisimamiwa na wenye umri wa watoto wenu. Basi kila mmoja ajiulize kabla ya kulala: ni neno gani ninalolifunga kifuani sasa hivi, nikingoja mwenzangu aaibike ndipo nilitoe?