Lita Kumi za Mzee Darmaji

Karangsari ni kijiji cha wakulima wa viazi, juu kabisa kwenye milima ya Dieng, na msimu ule kilikuwa na magari mawili tu ya mizigo. Moja lilikuwa la Sugeng, kijana aliyeamini kwamba kanyagio la mafuta liliumbwa lizamishwe sakafuni. La pili lilikuwa la Tarmini, mjane aliyerithi usukani wa marehemu mumewe. Mwendo wake wa taratibu ulimpatia jina la Mama Kobe.

Dizeli ilipopanda bei, Mzee Darmaji, mwenye mashamba, aliamua kubaki na dereva mmoja. Akawapimia kila mmoja lita kumi.

"Shusheni viazi sokoni, mrudi na samadi ya kuku. Atakayefika hapa bila kuongeza mafuta, kazi ya msimu ni yake. Mkifika wote, nitapima yaliyobaki."

Kisha akapanda gari la Tarmini. "Mimi bado nataka kuwaona wajukuu," alimweleza Sugeng.

Sugeng akaangua kicheko. "Mama Kobe, nitakuandalia chai. Usinilaumu ikipoa!"

"Tia sukari ya kutosha, mwanangu," alijibu Tarmini. Kazi ile ndiyo iliyokuwa wali wa binti zake wawili.

Sugeng alichomoka kama mshale. Kila kona aliifikia kwa kishindo, akakanyaga breki tairi zikalia, kisha akaunguruma upya. Sokoni alikula tempe, vipande vya soya vya kukaanga, huku injini ikinguruma, eti muziki usikatike.

Tarmini alijaza tairi upepo, akashusha vyuma chakavu vilivyolemea gari, ndipo akaondoka. Alikanyaga mafuta kama mtu apitaye juu ya mayai. Akiona foleni mbele, aliinua mguu mapema, gari likajiendea lenyewe. Wakisimama, alizima injini.

"Dada, hata bata wanatupita!" alilalamika Mzee Darmaji.

"Waache wapite, mzee. Wao hawanunui dizeli."

Wakirudi, kwenye mlima wa mwisho, walimkuta Sugeng akilitikisa gari lake kama anayemwamsha mgonjwa. Tangi lilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma.

"Nipeni lifti, jamani."

"Kiti ni kimoja, nami nimekikalia," alisema Mzee Darmaji. "Nyuma kuna nafasi."

Sugeng akakwea juu ya magunia ya samadi. Maskini, asubuhi alikuwa amempigia mkewe simu awakusanye majirani wamlaki kwa ngoma! Ngoma zililia, kisha zikanyamaza ghafla. Mkewe akaziba pua.

"Ulisema utarudi ukiwa juu ya wote, mume wangu. Kweli uko juu!"

Kijiji kizima kikavunjika mbavu. Mzee Darmaji alitumbukiza kijiti kwenye tangi la Tarmini, kikatoka kimelowa. Akamkabidhi kazi palepale, na mjane yule akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake.

Sugeng alimsogelea kwa aibu. "Mama Tarmini, ule mguu mwepesi, mtu anaweza kufundishwa?"

"Anaweza, mwanangu. Ila kwanza kaoge."

Hakika, mbio za sakafuni huishia ukingoni.